Muulize Nesi: Mwanangu kaniletea kokoa, niache vidonge vya presha?

SWALI: Shikamoo Nesi. Mimi ni mama wa miaka 49, nauza dagaa soko la Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina presha, huu ni mwaka wa sita, na natumia amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kila usiku. Shida yangu ni kwamba vinanivimbisha miguu, ikifika jioni ndala zinaniachia alama. Juzijuzi kijana wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja likizo akaniletea kopo la kokoa na chokoleti nyeusi, akaniambia kokoa inashusha presha na kulinda moyo. Nikaacha vidonge, nikawa nakunywa kokoa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Siku ya nne nikapima famasi, ikasoma 138 kwa 86. Nilimshukuru Mungu. Tangu hapo sijapima tena. Jirani yangu ananitisha kwamba nitapooza. Je, naweza kuendelea na kokoa peke yake? Ninywe kiasi gani? Na ile chokoleti nile?

*Mama Dagaa, Mwanga*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kokoa tumalize la vidonge, maana hilo halisubiri. Leo usiku meza kidonge chako kama kawaida. Usimeze viwili kufidia ulivyoruka. Halafu wiki hii hii nenda kliniki, wakupime, na uwaambie ukweli wote: kwamba uliacha, na uliacha kwa sababu ya miguu. Wahudumu hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua.

Sasa ile 138 kwa 86 iliyokufurahisha. Kazi ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kidonge, kokoa ikapewa sifa. Amlodipine ni dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Ukimeza leo ukaacha, inachukua kati ya saa 30 na 50 ipungue nusu tu, kisha muda kama huo tena ipungue nusu ya iliyobaki. Siku ya nne uliyopima, mabaki ya dawa yalikuwa bado kwenye damu yako yanashikilia mishipa. Presha hurudi juu polepole, leo kidogo, kesho kidogo, na wewe husikii kitu. Kama ungepima wiki ya pili au ya tatu ndipo ungeona namba zako halisi. Nimeona hili mara nyingi mno pale kliniki: mtu ameacha vidonge kwa ajili ya unga fulani au majani fulani, akapima siku ya tatu akakuta pazuri, akaenda kuwatangazia wenzake kijiwe kizima. Wiki za baadaye anaingia kwa miguu yake mwenyewe, anacheka na watu, hana hata maumivu ya kichwa, mashine inasoma 190 kwa 110. Jirani yako anakutisha, lakini anakupenda.

Miguu yako nayo ina maelezo, na haupaswi kuivumilia kimya kimya. Amlodipine inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, basi maji yanachuja na kutuama kwenye nyama za miguu, hasa kwa mtu kama wewe anayesimama kutwa nzima nyuma ya meza ya dagaa. Ni tatizo linalojulikana kabisa. Daktari anaweza kupunguza dozi, akakuongezea dawa nyingine kama losartan ambayo pia husaidia kupunguza huo uvimbe, au akakubadilishia dawa kabisa. Atataka kuangalia figo na moyo pia, kwa sababu navyo huvimbisha miguu. Usinunue vidonge vya kukojoza kwa kushauriwa na mtu sokoni. Uvimbe wa amlodipine hauponi vizuri kwa kukojoa, utabaki unakimbilia choo tu na miguu iko palepale.

Turudi kwenye kokoa. Kijana wako hakukudanganya. Amekuletea nusu ya habari.

Ndani ya mbegu ya kokoa kuna viini vinavyoitwa flavanoli, na kimojawapo chenye nguvu kinaitwa epikatekini. Vikifika kwenye damu vinaichochea ngozi laini ya ndani ya mshipa itengeneze zaidi gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo ndiyo inayouambia msuli wa mshipa ulegee. Mshipa ukilegea, njia inapanuka, na msukumo wa damu unapungua. Mambo haya si ya kubahatisha. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa.

Habari ya kokoa na presha ilivuma kutokana na watu wa kabila la Kuna, wanaoishi visiwani kwenye pwani ya Panama. Norman Hollenberg, daktari wa chuo kikuu cha Harvard, alikwenda kuwachunguza akakuta presha zao hazipandi kadiri wanavyozeeka, kinyume na sisi wengine. Waliohamia jijini Panama presha zao zilipanda kama za watu wa mjini. Tofauti moja iliyomvutia ni kokoa: kule visiwani walikuwa wanaikunywa vikombe kadhaa kwa siku. Lakini mdogo wangu, wewe umekulia kando ya ziwa, unajua maisha ya mvuvi yalivyo. Watu wale walikuwa pia wanakula samaki na matunda, wanapiga makasia, hawana kelele za mjini. Huwezi kuchomoa kikombe cha kokoa katikati ya hayo yote ukasema ndicho peke yake.

Ndiyo maana yakafanyika majaribio ya kugawa watu makundi mawili, hawa wanapewa kokoa yenye flavanoli, wale wanapewa isiyo nazo. Mwaka 2017 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 35 yenye watu zaidi ya 1,800. Jibu lao: kokoa inashusha presha kweli, ila kwa wastani karibu namba 2 tu kwa mtu wa kawaida. Kwa wenye presha tayari, ile namba ya juu, inayotajwa kwanza, ilishuka kama namba 4. Majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache, kwa hiyo hayasemi itakuwaje ukinywa miaka kumi.

Weka namba hizo mezani uzipime. Kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha ile ya juu kwa takriban namba 9. Kupunguza chumvi, gramu 4 au 5 hivi kwa siku, humshushia mwenye presha kama namba 5. Kokoa, ikiwa nzuri, 4. Kwa hiyo kokoa ina nafasi yake nyumbani, ila haina kifua cha kukibeba kidonge chako. Mtu mwenye 170 ukimpa kokoa peke yake atabaki na 166, na kiharusi kinamsubiri palepale.

Na moyo wenyewe je? Utafiti mkubwa kuliko yote uliofanyika ni ule wa Marekani uitwao COSMOS, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Walishiriki watu 21,442, wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia 65, wakafuatiliwa karibu miaka minne. Nusu walipewa vidonge vya dondoo la kokoa, yaani viini vilivyokamuliwa kutoka kwenye kokoa, vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku, nusu wakapewa vidonge vitupu. Ukijumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi na mengineyo, waliopata kokoa walikuwa na pungufu ya asilimia 10, kiwango ambacho kingeweza kutokea kwa bahati tu. Vifo vitokanavyo na moyo na mishipa peke yake vilipungua kwa asilimia 27. Inatia moyo. Ila ona mambo mawili. La kwanza, walimeza dondoo, hawakula chokoleti wala hawakunywa kikombe chenye sukari vijiko vinne. La pili, kampuni ya Mars, wanaouza chokoleti, ilitoa fedha na vidonge vya utafiti huo. Sisemi walidanganya, maana utafiti uliendeshwa na hospitali yenye heshima. Nasema msomaji ana haki ya kujua nani alilipa.

Sasa lete kopo lako tulisome, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Geuza ule upande wenye maandishi madogo, tafuta mstari wa viambato. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Kama neno la kwanza ni sukari, hicho ni kinywaji cha sukari chenye rangi ya kokoa. Makopo mengi ya kokoa ya watoto yaliyoko kwenye maduka yetu ni ya namna hiyo, na yana maziwa ya unga, kimea na chumvi pia. Unachokitafuta ni kopo ambalo limeandikwa unga wa kokoa, basi, hakuna kingine.

Halafu angalia kama kuna neno alkali, au namba E500 au E501. Hiyo ina maana unga umetiwa magadi kiwandani ili ukali upungue, rangi ikolee na uchanganyike vizuri na maji. Njia hiyo ilianzia Uholanzi karne ya 19. Inaleta kinywaji kitamu, lakini inaua sehemu kubwa ya flavanoli, ambazo ndizo ulizozifuata. Hata bila kusoma unaweza kuhisi. Chovya kidole kikavu kwenye unga ulambe. Kokoa isiyotiwa magadi ni ya kahawia inayoelekea wekundu, kali, ina uchachu kwa mbali na inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Iliyotiwa magadi ni nyeusi zaidi na laini mdomoni. Ule ukali unaokufanya ukunje uso ndio wenye faida.

Kama kopo lako ni zuri, kikombe kimoja kwa siku kinatosha. Weka kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa juu, si cha mlima. Tia maji baridi kidogo sana, usage kwa kijiko mpaka upate uji mzito usio na madonge, maana kokoa ukiimwagia maji ya moto moja kwa moja inaelea na kugoma. Kisha ongeza maji ya moto, urudishe jikoni ichemke kidogo na kipande cha tangawizi na mdalasini. Sukari anza na kijiko kimoja cha chai, na kila wiki punguza. Maziwa kidogo si dhambi. Wapo waliodai yanazuia flavanoli kufanya kazi na wapo waliopima wakakuta hayazuii.

Kunywa katikati ya milo, saa nne asubuhi kwa mfano, usinywe pamoja na chakula. Kokoa, kama ilivyo chai, inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani yasiingie mwilini vizuri, na kina mama wengi damu yetu tayari ni haba. Usiinywe usiku sana, ina kafeini kidogo na ndugu yake aitwaye theobromini. Kwa wengine inafanya moyo udunde na usingizi upotee. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza daktari wake kwa sababu kokoa ina potasiamu nyingi. Na usifikirie kwamba vikombe vitano vitakuponya mara tano. Kokoa ya nchi nyingi huwa na chembe za madini mabaya, risasi na kadimiamu, ambazo kwa kiasi kidogo hazina neno, ila hutaki kuzirundika.

Chokoleti kula, kwa masharti. Kuna jaribio la Ujerumani lililotoka mwaka 2007: watu 44 wenye presha ya kuanzia walipewa chokoleti nyeusi gramu 6 tu kwa siku kwa wiki 18, na ile namba ya juu ya presha ikashuka namba 3 hivi bila kunenepa. Gramu 6 ni kipande kimoja kidogo, kile cha kuvunja kwenye mistari. Asilimia 70 na kuendelea ndiyo ninayoweza kukuruhusu kwa moyo mweupe. Ile ya maziwa nusu ya uzito wake ni sukari, basi wape wajukuu siku ya sikukuu, na wao kidogo.

Ila kama kweli unataka kumshusha huyu presha, mdogo wangu, tuzungumze chumvi, na hapo nina mengi ya kusema. Sisi wa Kigoma chumvi ni jirani yetu. Uvinza watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, waliochimbua mabaki ya kale wamelithibitisha hilo. Pengine ndiyo maana mkono wetu ni mwepesi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, na hicho ni kwa vyote: ugali hauna, lakini mboga, supu, mkate, mandazi, na ile ya kunyunyizia juu ya muhogo wa kukaanga.

Wengine wananiambia, "Nesi, mimi natumia chumvi ya asili, ya mawe, haina kemikali, haipandishi presha." Inapandisha. Kinachopandisha ni sodiamu, na sodiamu haijali ilikotoka. Tena ile isiyotiwa madini joto inakuletea tezi la shingo juu ya presha.

Halafu kuna magadi kwenye maharage. Nusu kijiko cha chai cha magadi ya mkate kina zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, karibu theluthi moja ya kiasi chote unachoruhusiwa kwa siku. Loweka maharage tangu usiku, mwaga maji, yataiva. Na vile vipande vya kuongeza ladha kwenye mchuzi, soma navyo, chumvi huwa inatangulia mstari wa kwanza. Dagaa unaowauza wewe, wale wa kuanikwa juani tu bila chumvi, ni chakula kizuri sana kwa mtu wa presha. Samaki wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe, walowekwe tena, na hapo sufuria haihitaji chumvi nyingine. Ukitaka ladha tumia ndimu, kitunguu saumu, pilipili, nyanya za kutosha.

Na ukipima, pima inavyotakiwa. Famasi nyingi unaingia unahema umetoka juani, unakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, anakufunga mkanda juu ya sweta, na huku anakuuliza habari za biashara. Hiyo namba haina maana. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, miguu yote miwili chini, usiikunje. Mkono uegemezwe juu ya meza, usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi. Usiwe umekunywa kahawa, chai wala hiyo kokoa kwa nusu saa. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Andika kwenye daftari tarehe na namba zote, uende nalo kliniki. Hapo mimi na wewe tunaweza kuzungumza kama kokoa inakusaidia au la, huku kidonge kikiwa palepale.

SWALI: Nesi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, miaka 38, nyumbani Kibirizi. Safari ya Mbeya nilipita Kyela nikanunua kilo moja ya mbegu za kokoa kavu. Mke wangu amesikia kwamba nitafune mbichi kila asubuhi kiganja kimoja kwa sababu zikikaangwa nguvu zote zinapotea. Presha sina, ila baba yangu alifariki kwa kiharusi. Tufanyeje?

*Dereva, Kibirizi*

JIBU: Njema, mwanangu, na pole kwa baba. Umenunua mahali penyewe, maana kokoa nyingi ya Tanzania inatoka Kyela. Mkeo ana hoja: moto unapunguza flavanoli, hilo ni kweli. Lakini hizo mbegu si mbichi kama mnavyofikiri. Mkulima akishavunja tunda huzivundika siku kadhaa pamoja na ute wake mweupe mtamu, zinapata joto na kuchachuka, ndipo huanikwa. Kuvundika huko kunapunguza flavanoli kabla hata hujazinunua. Na wakati zinaanikwa nje, kuku wanapita, vumbi linatua. Vijidudu vya kuharisha vinaweza kubaki juu ya ganda, na ukitafuna bila moto unavimeza.

Zikaange kwa moto mdogo kwenye chungu au kikaango kikavu, ukizigeuza kwa mwiko bila kuziacha, mpaka uanze kusikia harufu ya chokoleti na maganda yaanze kupasuka. Toa hapo hapo, usisubiri ziwe nyeusi. Zikipoa menya, peta maganda, twanga kwenye kinu. Utaona zinaanza kama unga, halafu ukizidi kutwanga zinalowa zenyewe na kung'aa, kwa sababu nusu ya mbegu ni mafuta. Kwa hiyo kiganja kizima kila asubuhi ni kingi, utanenepa. Kijiko kimoja cha kitu hicho kwenye kikombe cha maji ya moto kinatosha.

Lakini wewe ninayekuhofia zaidi ni kwa lori kuliko kwa kokoa. Baba aliondoka kwa kiharusi, nawe unakaa kwenye usukani kutwa, unakula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi usiku, na kama wenzako wengi unakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ili usisinzie. Hivyo vinywaji vinapandisha presha na mapigo ya moyo, achana navyo. Pima presha kila mwezi popote ulipo, uandike. Ukisimama kupakia, zunguka lori lako kwa mwendo wa haraka mpaka jasho litoke. Na ukisikia usingizi, paki ulale.

SWALI: Nesi, shikamoo. Nakamua mawese huku Simbo. Nimesikia mafuta yaliyomo kwenye chokoleti hayadhuru moyo ingawa yanaganda. Mawese nayo yanaganda. Mbona kila nikienda hospitali naambiwa nipunguze mawese?

*Mkamuaji, Simbo*

JIBU: Marahaba. Swali zuri, na linanigusa kwa sababu kisamvu bila mawese kwa mtu wa Kigoma ni kama adhabu. Mafuta yote mawili yanaganda, ila yaliyomo ndani yanatofautiana. Kwenye mafuta ya kokoa karibu theluthi moja ni asidi iitwayo steariki, na hii haipandishi lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu. Kwenye mawese sehemu kubwa ya mafuta yake yanayoganda ni asidi ya palmitiki, zaidi ya theluthi moja ya mafuta yote, na hiyo inapandisha lehemu. Kokoa nayo inayo kidogo, karibu robo. Kwa hiyo anayekushauri upunguze hajakosea.

Mawese yako mekundu yana kitu kingine chema: ile rangi ni karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaihitaji kwa macho. Nisingependa Simbo nzima iache mawese ikanunue mafuta ya kiwandani. Tumia kijiko kwa sufuria ulipozoea kumimina, usiyachome mpaka yawe meupe, na usikaangie mafuta yaleyale siku baada ya siku. Kama umeshapimwa ukaambiwa lehemu iko juu, basi siku nyingi pikia alizeti.

SWALI: Nesi, nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Rafiki yangu ananiambia nile chokoleti kila siku nisipate kifafa cha mimba. Ni kweli?

*Mama mtarajiwa, Ujiji*

JIBU: Hongera, binti yangu. Hapana, usiitegemee. Kule Quebec, Kanada, walijaribu kuwapa wajawazito chokoleti yenye flavanoli nyingi na wengine yenye flavanoli kidogo, na kifafa cha mimba hakikupungua kwa kundi la kwanza. Kipande kidogo ukikitamani kula, ila kafeini yako ya siku nzima ya chai, kahawa, soda na chokoleti isivuke miligramu 200.

Vinavyosaidia ni viwili, na vyote vinapitia kliniki. Kuna vidonge vya kalisi kwa mama ambaye chakula chake hakina kalisi ya kutosha, na kuna aspirini ya dozi ndogo kwa mama mwenye hatari zaidi. Uliza unahitaji kipi, usijiandikie mwenyewe. Nyumbani kula dagaa wazima na miiba yao, kalisi imo humo. Usiruke hudhurio hata moja, na kila hudhurio hakikisha presha imepimwa na mkojo umepimwa protini. Ukiona kichwa kinauma sana na hakitulii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono imevimba ghafla, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.